Tusitafute mchawi mmoja: sukari na mafuta kwenye sahani ya mwanachuo

Najua nimepotea. Semista hii imenikaba koo: tesiti tatu ndani ya wiki mbili, na asaimenti za kikundi ambazo kikundi chenyewe ni mimi peke yangu. Lakini leo nimeona nikae chini niandike, maana kuna jambo linanikereketa tangu mwezi juzi, na nisipoliandika nitaendelea kulihubiri kwenye foleni ya kantini. Watu wameshaanza kunikimbia.

Jambo lenyewe ni chakula. Msicheke.

Ilianza hivi. Kulikuwa na siku ya kupima afya bure hapa chuoni. Wakaweka hema uwanjani, wauguzi wanne na vimashine vyao. Nilienda kwa sababu mbili tu: rumeti wangu alikuwa anaenda, halafu nilikuwa sijala chochote, maana bumu lilikuwa limekata siku nne nyuma. Dada muuguzi akanitoboa kidole, akaangalia kimashine, akaniangalia mimi. "Umekula chochote leo, mdogo wangu?" Nikamwambia dada, sijala tangu jana jioni. Akaandika 6.4.

Akanieleza taratibu. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya damu ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 bado huitwi mgonjwa wa kisukari, ila umeshasogea mlangoni. Mstari wa kisukari unaanzia 7.0, na hata hapo lazima kipimo kirudiwe maabara ndipo daktari aseme neno. "Nenda karudie," akasema, "halafu uangalie unachokula."

Jamani, nina miaka 21. Nina kilo 58. Mie si mnene, sivuti sigara, pombe sinywi. Ila mama yangu ana sukari tangu niko darasa la sita, na nimekua nikiona sindano zake kwenye mlango wa friji pembeni ya nyanya. Baba mdogo alikatwa mguu mwaka 2019, chini ya goti. Kwa hiyo mtu akiniambia 6.4, mie sisikii namba. Nasikia ile fimbo ya baba mdogo inavyogonga sakafu anapokwenda msalani usiku.

Na wala si familia yetu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa karibu asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Piga hesabu ya darasa lenu, muende mbele miaka ishirini.

BUNGE LA CHUMBANI

Nikarudi chumbani na kikaratasi changu, nikakuta bunge tayari limeketi. Tupo wanne chumba kimoja na kila mtu ana chama chake.

Rumeti wa kitanda cha juu ni wa chama cha mafuta-ni-adui. Yai anakula jeupe tu, kiini anatupa. Parachichi hagusi, anasema linanenepesha. Lakini soda kwa siku mbili, maana kwenye chupa imeandikwa haina mafuta! Rumeti wa dirishani yeye ni chama pinzani, sukari-ni-sumu. Aliangalia video kwenye simu, akakata wali, ugali, ndizi, hata embe. Mwezi mzima ni mayai, siagi na mishikaki. Alipungua kweli, simnyimi haki yake. Lakini kufika wiki ya mitihani kichwa kinamuuma, choo kimekuwa adimu, na hela ya mwezi imeisha tarehe 12. Siku alipovunja mfungo alikula maandazi saba. Nilihesabu.

Kila mmoja akaanza kunivuta upande wake. "Unaona? Ni ile sukari." "Acha uongo, ni zile chipsi." Mimi nimekaa katikati na 6.4 yangu mkononi, nikawaza: hivi sisi mbona kila tatizo lazima tumtafute mchawi mmoja?

Mie si daktari. Nasoma uhasibu. Na kwenye uhasibu hesabu ikigoma huanzi kwa kumshutumu mtu, unaanza kwa kufungua daftari. Basi nikachukua kauntabuku, nikaandika kila kilichopita mdomoni kwa siku saba. Bila huruma.

DAFTARI HALIDANGANYI

Chukueni siku moja tu, Jumatano, siku ya kawaida kabisa.

Asubuhi: chai ya kantini na maandazi mawili. Chai yetu mnaijua, inakuja na sukari yake tayari. Nilimuuliza dada wa chai anaweka kiasi gani. Akasema bila wasiwasi, kilo moja kwa vikombe hamsini hivi. Kilo moja ni gramu 1,000, gawa kwa 50: gramu 20 kila kikombe, yaani vijiko vitano vya chai, kama kijiko ni gramu 4. Mie ningeulizwa ningesema naweka viwili. Maandazi nikayakadiria gramu 5 za sukari kila moja.

Mchana: wali maharage na soda. Soda nyingi za kola huwa na sukari kama gramu 10 na nusu kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ni gramu 37 hivi. Vijiko tisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuweka vijiko tisa vya sukari kwenye glasi ya maji akanywa. Ikiwa ya baridi na ina mapovu, tunakunywa na kupiga mluzi.

Usiku, diskasheni: chai nyingine. Gramu 20.

Jumla gramu 87. Sasa Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kilokalori 2,000 kama mimi hiyo ni gramu 50, na bora zaidi 25. Nilikuwa nimekula 87, na siku hiyo sijagusa keki, pipi wala aiskrimu. Ningeapa mahakamani kwamba mie si mtu wa vitamu.

Rumeti wa dirishani akapiga makofi. Nikamwambia subiri, mama, daftari halijafungwa.

Saa tatu usiku: chipsi mayai. Nilimwomba kaka wa dukani mzani wake, akacheka lakini akanipa. Chipsi zenyewe gramu 280. Viazi vya kukaanga kwa kawaida hubeba mafuta kama gramu 15 kwa kila gramu 100, kwa hiyo hapo ni 42. Mayai mawili, gramu 5 kila moja, 10. Mafuta ya kukaangia yai, kijiko kikubwa kimoja, 14. Jumla 66. Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2023 unasema mafuta yote kwa mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nishati. Kwangu ni kama gramu 67 kwa siku nzima. Sahani moja ya saa tatu usiku imemaliza bajeti ya siku, na bado sijahesabu maandazi wala mafuta ya maharage.

Sasa rumeti wa juu ndo akapiga makofi. Lakini mmeona? Wote wawili wana haki na wote wawili wamekosea. Siku yangu haikuharibiwa na sukari peke yake wala mafuta peke yake. Viliingia vyote, kwa wingi, vikashikana mikono.

KONDAKTA NA SITI ZAKE

Hapa nieleze kidogo nilivyoelewa, maana nilikaa na rafiki yangu wa udaktari mwaka wa nne, nikamsumbua mpaka akaninunulisha maji.

Ukila wanga au sukari, glukosi inaingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini. Insulini ni kama kondakta wa daladala: anafungua mlango na kuwaingiza abiria. Siti ziko sehemu mbili kubwa, ini na misuli, ambako glukosi inahifadhiwa kwa jina la glikojeni. Ini lina nafasi ya gramu 100 hivi, misuli yote pamoja kama gramu 400. Siti zikijaa, abiria hawaachwi kituoni, wanageuzwa kuwa mafuta wakahifadhiwe kwingine. Nusu ya sukari yetu ya mezani ni fruktosi, na hiyo safari yake kubwa inaishia kwenye ini. Ini likizidiwa siku kwa siku, linaanza kujitengenezea mafuta na kuyalimbikiza humohumo. Ndiyo maana hata mwembamba hayuko salama. Kilo 58 siyo cheti.

Sasa siti zinaachwaje wazi? Kwa kutembea, kubeba ndoo, kucheza mpira. Misuli ikifanya kazi inachukua glukosi hata bila kumsubiri kondakta. Sisi tunafanya nini? Tunakaa lekcha saa mbili, maktaba saa tatu, kitandani na simu mpaka usiku wa manane. Daladala limejaa, hakuna anayeshuka, na kondakta anaendelea kuita abiria. Akiita kila siku namna hiyo mlango unaanza kuwa mgumu, na kongosho linalazimika kutuma makondakta wengi zaidi. Mwisho linachoka. Mama yangu yuko hapo.

Na mafuta? Mafuta yenyewe hayapandishi sukari ya damu kwa kasi. Yanafanya chakula kikae tumboni zaidi. Vitamini A, D, E na K zinayahitaji ili zifyonzwe, kwa hiyo mchicha wa kuchemsha bila tone la mafuta ni sawa na kumtuma mtoto dukani bila hela. Kuta za seli zetu ni mafuta. Kwa hiyo rumeti wa juu anayetupa kiini cha yai anatupa chakula. Ila gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, na ya sukari ina 4. Mafuta yanajaza bajeti haraka kuliko mara mbili. Halafu insulini ikiwa juu, mwili unatumia sukari kwanza na mafuta unayaweka stoo. Ukiwa umekula kupita matumizi ya siku, stoo hiyo hutaifungua kesho, wala keshokutwa.

UGOMVI HUU SI WA LEO

Mnadhani bunge la chumbani kwetu ni jipya? Mwaka 1972 Mwingereza John Yudkin aliandika kitabu kizima cha kuishutumu sukari. Upande wa pili, Mmarekani Ancel Keys alikuwa anayashutumu mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda kama samli. Walishambuliana hadharani. Na katikati hela zikaingia. Mwaka 2016 watafiti wa California walichapisha nyaraka za zamani zikionyesha kwamba chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani kiliwalipa wanasayansi wa Harvard, katika miaka ya 1960, waandike makala iliyotoka 1967 ikiipunguzia sukari lawama za ugonjwa wa moyo na kuyaelekezea mafuta. Malipo yalikuwa kama dola 6,500 za wakati ule. Kwa hiyo ukisikia mtu anapiga kelele kwamba adui ni mmoja tu, kabla hujaitikia, uliza nani ananunua maikrofoni.

Halafu mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Stanford wakafanya kitu ambacho mie kama mhasibu nimekipenda. Walichukua watu 609 wenye uzito uliozidi, wakawagawa makundi mawili: moja lipunguze mafuta, jingine lipunguze wanga, mwaka mzima. Wote waliambiwa wale mboga kwa wingi na waachane na sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa. Baada ya mwaka, kundi la kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Nikamsomea rumeti wa dirishani. Akanyamaza, akaniuliza, "Kwa hiyo niliteseka bure?" Nikamwambia hapana dada, ila maembe uliyakosea heshima.

Mwaka huohuo wa 2018 watafiti wengine, akiwamo Dana Small, waliwaonyesha watu picha za vitafunwa: vya mafuta, vya wanga, na vyenye vyote viwili, huku wakiziangalia bongo zao kwa mashine. Kisha wakawauliza wangelipa kiasi gani kuvipata. Vyenye vyote viwili viliwasha ubongo zaidi, na watu walikuwa tayari kuvilipia zaidi, hata pale nishati ilipokuwa sawa. Sasa niambieni, chipsi mayai ni nini? Andazi ni nini? Keki ni nini? Ni wanga na mafuta vilivyofunga ndoa. Hatukosi nidhamu peke yake. Sahani yenyewe imetuzidi ujanja.

MAFUTA NAYO YANA UKOO

Kosa jingine ni kusema "mafuta" kama vile ni mtu mmoja. Alizeti ya Singida na Dodoma ina mafuta yaliyoshiba kama asilimia 11 tu. Mawese yana karibu nusu. Ya nazi yanapita asilimia 80. Mwongozo unasema yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati, kwangu gramu 22. Mafuta mengi ya kula yanayoingia nchini kutoka Malaysia na Indonesia ni ya mawese, ndiyo yako kwenye karai la chipsi, na karai lenyewe linachemka tangu mchana mafuta yakiwa yaleyale, yamegeuka rangi ya kahawia. Sisemi tuyachukie mawese. Yale mekundu ya Kigoma yana viini vya vitamini A kwa wingi, na wali wa nazi sitauacha mpaka nizikwe. Nasema kipimo.

Jirani zetu wa Mauritius waliwahi kuliona hili. Mwaka 1987 serikali yao ilibadili mafuta ya mgao kutoka mchanganyiko uliojaa mawese kuwa ya soya. Kufika 1992 wastani wa kolesteroli kwa watu wazima ulishuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Kulikuwa na kampeni nyingine za afya pia, kwa hiyo si mafuta peke yake. Lakini angalieni jambo moja: mama wa nyumbani hakulazimika kuhudhuria semina. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa dukani. Hapo nitarudi.

BIBI ALIKUWA ANAJUA

Sasa hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mwezi Aprili 2025, kwenye jarida la Nature Medicine, Godfrey Temba na wenzake wa Moshi na Uholanzi walichapisha utafiti uliofanyika kwetu kabisa, kaskazini mwa Tanzania. Walichukua wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, wakahamishiwa kwa wiki mbili chakula cha kizungu-zungu: vilivyokaangwa, vilivyosindikwa, vya unga mweupe. Waliozoea hicho cha kisasa wakapelekwa upande wa asili: ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka. Kundi jingine likanywa mbege kwa wiki moja. (Wachaga tulieni, haikuwa ruhusa ya kulewa.)

Wiki mbili tu. Waliohamia chakula cha kisasa, viashiria vya uvimbe ndani ya damu vikapanda, na chembe zao za kinga zikapungua makali mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye cha asili, viashiria vikashuka. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado wiki nne baadaye. Ni utafiti mdogo, wa wanaume peke yao, haumalizi kila swali. Lakini wiki mbili wadau! Hiyo ni kutoka tesiti moja hadi nyingine. Sisi tunafanya jaribio hilohilo kwa miaka mitatu au minne, bila mtu wa kutupima.

Nikamkumbuka bibi yangu Kibosho. Sahani ya bibi haikukosa mafuta wala utamu. Kulikuwa na parachichi, maziwa, ndizi. Ila palikuwa na maharage, palikuwa na mnafu, na palikuwa na kilima cha kupanda ukitoka kisimani. Nyuzinyuzi za maharage na mboga zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Mwongozo wa 2023 unataka gramu 25 za nyuzinyuzi na angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwenye daftari langu la Jumatano, mboga na matunda: sifuri. Nilitafuta mara mbili. Sukari na mafuta vilikuwa vimewafukuza nyumbani wengine wote.

"MWANACHUO HANA HELA"

Najua mtakachosema, maana hata mie nilisema. Hayo ni ya wenye nazo. Bumu lenyewe linakuja kwa mafungu, likija siku tatu tunakula kama harusi, baada ya hapo ni kukopa.

Basi nimepiga hesabu, hiyo ndiyo fani yangu. Jumatano yangu ya zamani: chai mbili 1,000, maandazi 400, wali maharage 2,000, soda 1,000, chipsi mayai 3,000. Jumla 7,400. Jumatano yangu ya sasa: chai mbili 1,000, viazi vitamu vya kuchemsha na yai 1,200, wali maharage na mchicha 2,500, maji yangu ya kuchemsha bure, ugali dagaa na mboga 2,500, ndizi mbivu 300. Jumla 7,500. Tofauti shilingi mia. Sukari ya kuongeza imetoka gramu 87 hadi 8, maana natia kijiko kimoja kila chai.

Lakini nitakuwa mnafiki nikiishia hapo. Ugali dagaa kwenye kantini yetu unaisha saa moja na nusu jioni. Lekcha yangu ya Jumatano inaisha saa mbili. Kinachobaki ni karai. Na chai isiyo na sukari haikuwepo hata ungelia. Kwa hiyo wanaosema "ni uamuzi wako tu" nawaambia, uamuzi gani wakati menyu ina mstari mmoja? Hapa ndipo Mauritius inanijia.

Tukaenda, mimi na marumeti wangu wote watatu, vyama vyote vya bunge vimeungana, kumwona msimamizi wa kantini. Ombi letu dogo: sukari iwekwe kwenye bakuli pembeni, kila mtu atie mwenyewe. Akakataa papo hapo. "Nawajua nyie, sukari yangu itaisha kwa siku moja, wengine mtaenda nayo vyumbani." Na kusema ukweli, wanangu, tusijidanganye, alikuwa na hoja. Tukatoka vichwa chini. Ila dada wa chai alikuwa anasikiliza. Akatuita pembeni, akasema, "Nitawawekea chupa moja isiyo na sukari, mkiimaliza kila siku nitaendelea. Ikirudi imejaa, basi." Leo ni wiki ya tano. Wiki ya kwanza tuliimaliza wanne kwa kulazimishana, nusura tulie. Juzi nimefika saa mbili kasoro asubuhi nikakuta imeisha, na wala siwajui walioimaliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Acheni vita ya sukari na mafuta, haina mshindi na inatumaliza sisi. Tupunguze ile sukari tunayokunywa kwanza, maana ndiyo haishibishi na ndiyo rahisi kuacha. Mafuta tuyale, ila tuyachague na tuyapime: karanga, parachichi, dagaa, kijiko cha alizeti kwenye mchicha. Chipsi mayai ziwe sherehe ya Ijumaa (yangu mie bado ipo, msinihukumu), zisiwe mlo wa kila usiku, na soda isikae nazo meza moja. Baada ya kula, tembea hata dakika kumi kabla ya kukaa. Halafu kwenye mkutano ujao wa serikali ya wanafunzi, badala ya kugombania rangi ya fulana za mahafali, tudai mambo mawili: mboga na ugali wawepo mpaka saa tatu usiku, na chai isiyo na sukari iwe haki, isiwe fadhila ya dada mmoja.

Nilirudia kipimo maabara Jumatatu iliyopita. 5.9. Daktari akasema vizuri, ila rudi baada ya miezi mitatu, damu ya ukoo wako naiogopa. Nikampigia mama. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Umeacha kweli chai ya sukari, wewe?" Nikamwambia kijiko kimoja, mama. Akacheka mpaka akakohoa, akasema na yeye ataanza kijiko kimoja, maana muda wote huo, kumbe, alikuwa anajiibia.

Haya niwaache, kesho nina tesiti ya gharama na sijafungua hata ukurasa. Mkipita kantini asubuhi, ile chupa ya kijani ya pembeni kushoto ndiyo yetu. Imalizeni.